Mbula Aliyepeleka Mwethya Mlima Kenya

Katika vilima vya Kasikeu, juu ya Sultan Hamud, hapakuwa na mtu aliyemshinda Mbula kwa sauti, na kama alikuwapo basi alinyamaza kwa heshima. Mbula alikuwa ngui, mwimbishaji wa mwethya, kile kikundi cha akina mama kinachozunguka shamba hadi shamba kikichimba matuta ya kuzuia udongo. Ngui huanzisha wimbo, wenzake huitikia, na majembe yote hushuka pamoja. Bila yeye kila mtu hulima na mawazo yake, na jua huzama kazi haijafika nusu. Mbula aliishika nafasi hiyo mwaka wa sitini na moja, wakati wa njaa ya unga wa manjano wa Amerika, akiwa bibi arusi wa juzi tu, na hakuiachia tena.

Kufikia mwaka wa themanini na sita alikuwa na wajukuu, magoti yanayolalamika, na mdomo ule ule. Alipenda sifa na hakuficha. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mbula alisifiwa robo karne na tembo lake halikuingia maji hata tone. Sheria za mwethya alizitunga yeye mwenyewe. Ngui huimba akiwa nyuma, karibu na yule anayechelewa, ili wa mbele wasikimbie. Aliyeanguka haachiwi mtu wa nje, hushikwa na wenzake. Mwenye kuvunja hutoa mbuzi, na mbuzi huyo huliwa siku hiyo hiyo mwenyewe akitazama.

Kisha akaja Syokau. Aliolewa Kasikeu kutoka Tulia, upande wa Kitui, mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu, mwenye sauti inayotoka tumboni bila kulazimishwa. Hakutafuta ukubwa. Aliitikia tu kama wengine, lakini akiitikia yeye watu waligeuka kutazama. Ikafika siku Mbula akakohoa katikati ya wimbo, Syokau akaushika kabla haujaanguka, na majembe hayakukosa hata pigo moja. Jioni Mbula alikwenda nyumbani na hasira ambayo hakujua aipeleke wapi, maana huwezi kumshtaki mwenzako kwa kukusaidia. Fahali wawili hawakai zizi moja, na huyu wa pili alikuwa bado anaota pembe.

Basi mambo yalikuwa hivyo wakati Mwalimu Kisilu alipoanza kuwafundisha ngumbaru, masomo ya watu wazima, kila Jumatano alasiri ndani ya kanisa. Kitabu alichopewa kilianza na sentensi, "Baba analima shamba." Darasa zima liliangua kicheko.

"Baba gani huyo, Mwalimu?" Mbula aliuliza. "Tuonyeshe boma yake tukamsalimie."

Kisilu alikuwa kijana mpole asiyependa kuchekwa. Alikwenda kwenye kabati la kanisa akatoa kitabu kinene kilichoachwa na mmisionari, habari za wapanda milima mashuhuri na watu waliotembea juu ya barafu hadi mwisho wa dunia. Akawa anawasomea akitafsiri. Tangu siku hiyo hakuna aliyekosa darasa, hata mwenye githeri ya mahindi na maharagwe jikoni.

Aliwasomea jinsi Amundsen wa Norwe na Scott wa Uingereza walivyoshindana kwenda Ncha ya Kusini. Amundsen alivutwa na mbwa, na njiani akawala baadhi yao. Hapo Muthoki, rafiki wa Mbula tangu walipokuwa wakichunga mbuzi pamoja, aliinuka akatema mate nje ya dirisha, akarudi kuketi. Scott alifika mwezi mmoja baadaye akakuta hema na bendera ya mwenzake, kisha yeye na watu wake wakafia njiani wakirudi.

"Waliuawa na baridi na njaa," Kisilu alisema.

"Wapi! Njaa sisi tunaijua, inaua polepole," Mbula alijibu. "Huyo aliuawa na ile bendera."

Aliwasomea pia habari za Hillary na Tenzing, waliofika juu ya Everest wamefungana kamba moja. Mbula alitaka kujua nani alikanyaga kwanza. Kisilu akasema kwamba watu hao walipoulizwa walijibu tu kuwa walifika pamoja.

"Mwalimu, hata bwana na bibi arusi, mlangoni mmoja wao huingia kwanza. Sema ukweli."

Jumatano nyingine ilikuwa zamu ya Shackleton. Huyu aliikaribia Ncha ya Kusini mpaka ikabaki safari ya siku chache, akaona chakula hakitatosha, akageuza watu wake wote wakarudi nyumbani wazima.

"Huyo hata usitusomee tena," Mbula alisema.

"Mimi nimempenda huyo," Syokau alisema kutoka benchi la nyuma.

Wanawake wakatazama chini. Mbula alifunga kitabu chake cha kuandikia. "Wewe bado ni mtoto," akasema, na ndani ya moyo wake alikuwa amekwisha kata shauri.

Kila mwaka baada ya mavuno mwethya ulifanya safari moja ya kujifurahisha. Walikuwa wamekwenda Mombasa kuona bahari, wakaenda Nairobi kuona simba aliyelala. Safari hii Mbula alisimama kanisani baada ya ibada akatangaza kwamba watapanda mlima wenye barafu. Kulikuwa na mmoja waliouona kutoka kwao asubuhi ambazo mbingu zimesafishwa na mvua, Kiima Kyeu, mlima mweupe, yaani Kilimanjaro. Lakini huo ulikuwa wa Tanzania, na Mbula hakutaka kuziombea sifa zake ruhusa. Wangepanda Mlima Kenya. Kijana wa kwao Ukambani alipandisha bendera ya uhuru kule juu, kwa nini mama wa Ukambani asipandishe leso?

"Na atakayefika kwanza ni mimi," aliongeza, ili pasiwe na swali.

Nia yake ilieleweka na kila mtu, hata watoto. Akitangulia kileleni mbele ya Syokau, mambo ya nani ngui yangekwisha mpaka kaburini. Muli, mumewe, mzee wa kazi ya reli, alicheka alipoambiwa. Mbula hakucheka. Muli akaenda ndani akatoa sweta lake zito la zamu ya usiku, akampa.

Waliandikisha majina wanawake tisa. Aftin, mfanyabiashara wa mifugo pale Sultan Hamud, alikubali kuwapeleka kwa lori lake, ambalo lilioshwa mara mbili na bado likanuka beberu.

"Mama Mutie," Aftin alimwambia Mbula, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "mimi nimepeleka mbuzi Nairobi miaka mingi. Sijawahi kupeleka watu wa kanisa kwa barafu. Ikiwa mtakufa huko, bwana zenu wataniuliza mimi."

"Wakikuuliza, waambie tumekufa tukienda mbele."

Lori liliwashusha Naro Moru mwezi wa pili mwaka wa themanini na saba. Wangepanda hadi Lenana, kilele cha tatu, ambacho mtu hupanda kwa miguu yake bila kamba. Kiongozi wao alikuwa mzee mfupi wa pale pale mwenye kofia ya sufu, aliyekuja na mpagazi mmoja tu, kwa maana akina mama walikataa kubebewa mizigo na mwanamume. Walivaa suruali za waume zao chini ya leso, mabuti ya mpira, na sweta juu ya sweta.

Langoni mwa hifadhi ya mlima walifanya kosa ambalo ni watu wa mwethya tu wangeweza kulifanya. Waliimba. Mbula alitupa kikapu mgongoni, akatia mkanda kwenye paji la uso, akapaza wimbo wa kuchimbia matuta, na wenzake wakaitikia wakipanda kwa kasi ya jembe. Kwao kumaliza mapema ni heshima, na kazi isiyo na wimbo ni msiba.

"Mama, pole pole," kiongozi alisema. "Huku juu hewa ni kidogo. Hiyo wimbo mtaimba mkirudi."

Hawakumsikia, kwa kuwa walikuwa wanaimba. Kufika alasiri walikuwa wameketi kando ya njia kama magunia, midomo wazi, na hakuna aliyebaki na pumzi ya kusema hata jina lake. Mbula aliona nyota mchana. Kiongozi aliwapa chai, hakusema, "Niliwaambia," na kwa hilo Mbula alimheshimu.

Kesho yake walipanda kimya, na kimya kikawa kibaya kuliko wimbo. Walifika kwenye kinamasi kilichosimama wima kama ukuta, kila buti likizama na kunyonywa, na bila sauti ya kuwaunganisha kila mmoja akafuata mguu wake. Wenye nguvu wakapotelea mbele. Kalunde, mnene wao, aliyejiunga na safari kwa sababu ya chakula, akabaki nyuma analia. Mbula alisimama akautazama mwethya wake ukikatika vipande mlimani, akaogopa kweli, kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani.

Akapiga kelele wasimame. Walipokusanyika aliketi juu ya jiwe, akafikiri. Kulikuwa na wimbo mwingine, wa zamani, wa kubebea mawe makubwa walipojenga bwawa wakati wa njaa, watu wakiwa hawana nguvu hata ya kusimama. Ulisema tu kwamba jiwe ni zito na mwenye jiwe yuko mbele. Neno moja, hatua moja, kisha kimya cha kuvuta pumzi. Wa kuitikia hawakuitikia kwa mdomo, waliitikia kwa mguu. Mbula aliushusha chini kabisa, karibu na kunong'ona, akajiweka nyuma ya Kalunde, akaanza.

Walikwenda hivyo siku nzima. Mstari haukukatika tena. Kiongozi mwenyewe alijikuta anakanyaga kwa kufuata wimbo wa Kikamba asioujua maana yake, na walipoingia kwenye bonde, kilele kikasimama mbele yao cheupe na cheusi, alivua kofia akajikuna kichwa.

"Nyinyi akina mama mnatoka wapi hasa?"

"Kwa jua," Mbula alijibu. Alikuwa amerudi katika hali yake.

Siku ya kilele waliondoka kambini kulipopambazuka, baada ya sala. Njia ilikuwa changarawe tupu, unapanda mbili unateleza moja. Baridi iliuma meno. Lakini wimbo wa jiwe ulikwenda sawa, na Mbula, akiimba kutoka nyuma, alianza kupanga moyoni mahali pa kumpita Syokau. Angengoja mpaka mwisho, pale ambapo njia inapanuka, awapite wote kwa mara moja. Alikuwa na pumzi ya kutosha, alijipima akajua.

Muthoki ndiye aliyeharibu mpango huo. Alianza kukosa hatua. Mguu wake ulikuja baada ya neno, kisha kabla ya neno, kisha akakaa chini akaanza kuwafokea wajukuu zake wafungie mbuzi, mvua inakuja. Wanawake wakatazamana. Hapakuwa na mbuzi, na wajukuu walikuwa Kasikeu. Alipojaribu kusimama alipepesuka kama mlevi, akatapika.

Kiongozi alirudi mbio akamtazama macho. "Huyu anashuka sasa hivi. Si saa ile, sasa. Akiendelea kupanda anakufa. Akishuka mpaka chini kwa hewa atapona, mimi nimewaona wengi. Mpagazi atamshusha, nyinyi wengine tuendelee."

Muthoki alishika sweta la Mbula kwa mikono miwili. "Huyu mwanaume simjui," alisema. "Usinipe mtu simjui."

Kilele kilikuwa pale juu, karibu kama nyumba ya jirani, na barafu yake ikimeta juani. Mbula alikitazama. Sheria aliijua, aliitunga mwenyewe: aliyeanguka haachiwi mtu wa nje. Mmoja wao alipaswa kushuka, na mwenye kusema nani ni ngui. Neno moja tu lilitosha. Angesema, "Syokau, mpeleke," na hakuna ambaye angenung'unika, maana Syokau ndiye mwenye mabega. Angekuwa ameshika sheria, na kilele kingekuwa chake, na mpinzani wake angekuwa chini kambini akichemsha chai. Alikwisha fungua kinywa.

Lakini Syokau hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameshaweka kikapu chake chini, amepiga goti kwenye changarawe, anaupitisha mkono wa Muthoki shingoni mwake. Hakumtazama mtu. Hakukitazama hata kilele.

Mbula aliona wazi, kama mtu anayeona nyumba yake kutoka ng'ambo ya bonde, kwamba atakayeshuka na Muthoki ndiye ngui, na atakayekwenda juu ni mwanamke tu aliyepanda mlima. Akainama akautoa ule mkono shingoni mwa Syokau.

"Inuka. Huyu ni wangu. Nilichunga na yeye kabla mama yako hajaolewa."

"Mama Mutie, wewe ndiye ulitaka kufika."

"Bado nataka. Inuka. Ukianzisha wimbo usianzishe juu, pumzi itakuisha kwa hiyo kona. Weka chini, chini kabisa. Na ukiona Kalunde analia, usimhurumie, mkasirikie, yeye hutembea na hasira."

Syokau alitaka kusema jambo. Mbula akampa kisogo.

Alishuka na Muthoki upande mmoja na mpagazi upande wa pili, na aliposhuka kona ya kwanza alilia. Alilia kwa hasira na kwa wivu na kwa huruma ya nafsi yake, machozi yakimganda shavuni, na hakuona haya, kwa kuwa Muthoki hakuwa na akili ya kukumbuka na mpagazi alikuwa na adabu ya kutazama mawe. Alimkumbuka yule mzungu aliyegeuka karibu na Ncha ya Kusini. Sasa alielewa hesabu yake, lakini kumpenda bado hakumpenda.

Ndipo wimbo ukaanza huko juu. Mbula alisimama. Syokau alikuwa ameuanzisha juu mno, na kweli haukufika mbali, ukakatika. Mlima ukawa kimya. Mbula alihesabu pumzi zake mwenyewe akingoja, akajikuta anasema kwa sauti, "Shusha. Shusha, mwanangu." Wimbo ukarudi, wa chini, mzito, hatua moja na kimya. Mbula akafuata hatua hizo hizo kushuka, mpaka upepo ulipougeuza asiusikie tena.

Kufika adhuhuri walikuwa wameshuka vya kutosha. Muthoki aliketi juani ndani ya blanketi, akaomba chai, akaomba sukari zaidi, na kwa hilo Mbula alijua amepona.

"Mpanda ngazi hushuka," Muthoki alisema akipuliza kikombe. "Lakini wewe umeshuka kabla ya kumaliza ngazi. Ni mimi nimekuharibia."

"Kunywa chai."

"Ungenipa Syokau."

"Muthoki, kunywa chai kabla sijakurudisha huko juu."

Wengine walifika alasiri, nyuso zimebabuka na jua, leso zimejaa vumbi la mlima, wanacheka na kulia. Wote saba walikuwa wamefika Lenana. Hata Kalunde alifika, akiwa amekasirika. Walimkumbatia Mbula, wakamkumbatia Muthoki, wakasimulia wote kwa pamoja jinsi barafu inavyolia chini ya buti. Mbula aliwasikiliza muda alioweza. Kisha likamtoka lile swali, hakuweza kulizuia.

"Nani alikanyaga kwanza?"

Wakatazamana, wakaanza kubishana kwa dhati. Mmoja alisema ni yeye, mwingine akasema hapana, wewe ulikuwa umeketi. Hawakukumbuka.

"Na Syokau?"

"Syokau alifika mwisho," Kalunde alisema, kana kwamba ameulizwa jua huchomoza wapi. "Si alikuwa nyuma yangu akiimba?"

Mbula alimtazama Syokau, aliyekuwa ameketi kando anavua mabuti, sauti imemkauka hata hawezi kusalimia. Kijana huyo alikuwa na kilele chote mbele yake, bila ngui wa kumzuia, na alikwenda akiimba nyuma ya Kalunde mpaka hatua ya mwisho, akawaacha wote wamtangulie. Mbula mwenyewe, na aliijua kweli hii bila kujidanganya, alikuwa amepanga kuwapita pale njia inapopanuka.

Alimsogezea Syokau chai.

Sultan Hamud nzima ilikuwa ikingoja lori. Kabla Mbula hajashuka vizuri, Aftin, aliyekuwa amemtuma dereva wake kuwachukua, alimuuliza kama alifika juu.

"Tumefika."

"Nauliza wewe, Mama Mutie. Wewe mwenyewe."

"Ukifikisha lori la mbuzi Nairobi, huwa unauliza ni mbuzi gani alishuka kwanza?"

Aftin akacheka mpaka akashika mlango wa lori.

Jumanne iliyofuata zamu ya kuchimbiwa ilikuwa ya Muthoki. Wanawake walijipanga chini ya kilima kama kawaida, majembe mkononi, wakamngojea Mbula asimame nyuma ya mstari. Mbula alikuja akiwa amejifunga leso kiunoni. Akapita pale nyuma, mahali aliposimama tangu mwaka wa sitini na moja, hakusimama. Akaingia katikati ya mstari kati ya Kalunde na Muthoki, akatema mate viganjani, akashika jembe.

Muthoki alimgusa kiwiko. Mbula alitazama udongo uliokuwa mbele yake, na ilimuuma, ilimuuma kuliko magoti na kuliko mlima.

"Syokau," aliita bila kugeuka, "tunangoja nini? Jua linapanda."

Syokau akatoka mstarini, akaenda kusimama nyuma. Kisha sauti ikatoka nyuma yao, ya chini, ikaanza polepole kama mtu anayebisha hodi, ikapanda. Majembe yakainuka. Mbula akaitikia pamoja na wengine, na kwa kuwa alikuwa Mbula, aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na hakuna aliyemwomba apunguze.